Maji yaliyojificha nyumbani: Ingiza mkono kabla ya mvua



Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a), kisa cha Mtume (s.a.w) alipopita sokoni na kukuta rundo la nafaka linauzwa. Kwa juu lilikuwa kavu. Mtume (s.a.w) akaingiza mkono ndani ya rundo na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibiwa kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (s.a.w) akamkemea kwa kutoiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, na akajitenga na kila mwenye kudanganya.

Masheikh wetu hukitumia kisa hiki wanapofundisha adabu za biashara. Leo, katika safu yetu ya afya na usafi, tukitazame kwa upande mwingine. Unyevu ulikuwepo, lakini jicho halikuuona. Mkono ndio uliougundua. Ndivyo zilivyo nyumba zetu nyingi. Ukuta umepakwa rangi nzuri, sakafu imetandikwa busati, kumbe ndani yake maji yanafanya kazi usiku na mchana. Tunakuja kushtuka mtoto anapokuwa hakosi kikohozi, au gunia la mahindi linapofunguliwa na kukutwa limeota kuvu.

Hali ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, una kiangazi kikali kuanzia takriban Juni hadi Septemba, kisha mvua za kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaofaa sana kwa pamba lakini ni mgumu kwa nyumba. Udongo huu ukinywa maji huvimba, na ukikauka hunywea na kupasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaweza kuzama. Nyumba iliyo juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Matokeo yake ni nyufa zinazopanda kama ngazi kwenye pembe za madirisha, na mabomba yanayokatika chini ya sakafu bila mtu kujua.

Aidha, nyumba nyingi za vijijini, na hata za pembezoni mwa mji wa Bariadi, zimejengwa kwa tofali za udongo zisizochomwa. Tofali hizi zikiwa kavu zina nguvu ya kutosha. Zikilowa chini hulainika, na ukuta mzima hubaki umesimama juu ya tope. Tusisahau yaliyotokea Machi 2015 katika kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, kwa majirani zetu wa Shinyanga, ambako mvua kubwa ya mawe na upepo iliua watu zaidi ya 40, na nyumba za udongo zikaangukia waliokuwa ndani. Ile ilikuwa dhoruba isiyo ya kawaida. Lakini ukuta uliokwisha kuliwa na maji chini hausubiri dhoruba. Mvua ya kawaida ya usiku mmoja inatosha.

Madhara kwa afya

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo maalumu kuhusu unyevu na kuvu majumbani. Mwongozo huo unaeleza kuwa wakazi wa nyumba zenye unyevu wako katika hatari zaidi ya kupata maradhi ya njia ya hewa na pumu. Kuvu hutoa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo huelea hewani na kuvutwa na pua. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wazee na wenye pumu. Ukiona mtoto anakohoa na kupiga chafya akilala chumbani, na akienda kwa bibi yake siku kadhaa anapata nafuu, mpeleke hospitali, lakini usiache kukichunguza chumba chenyewe.

Jambo la pili ni chakula. Wengi wetu huhifadhi mahindi, mpunga, mtama na karanga ndani ya nyumba tunamolala, magunia yakiegemea ukuta. Ukuta wenye unyevu hulisha kuvu, na baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika wala kwa kuanika upya. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nafaka iliyoota kuvu usiiuze wala usiile.

La tatu ni maji yenyewe ya kunywa. Bomba lililotoboka chini ya ardhi hutoa maji pale yanapotoka kwa nguvu. Lakini mgawo ukifika na bomba likawa tupu, tundu lile lile huvuta ndani maji machafu yaliyolizunguka. Kama choo kiko karibu, hesabu mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kiliingia Simiyu, na hilo litukumbushe kuwa bomba linalovuja si suala la ankara peke yake. Chemsha maji ya kunywa au yatibu kwa dawa ya klorini, hususan siku maji yanaporudi baada ya kukatika.

Namna ya kuyatafuta

Ndugu msomaji, kazi hii haihitaji fundi wala mashine. Tenga asubuhi moja, chukua tochi, sarafu, kisu, kipande cha nailoni safi na gundi ya karatasi, kisha fanya yafuatayo:

Kwanza, tumia pua. Funga milango na madirisha ya chumba usiku kucha. Asubuhi uingie kutoka nje, kwani aliyelala humo pua yake imekwishazoea. Harufu ya uvundo, kama ya nguo iliyokunjwa mbichi, ni dalili ya kuvu hata kama huioni.

Pili, sogeza vitu. Vuta kabati na kitanda, inua busati na mikeka, ondoa magunia, fungua chini ya sinki. Maji hupenda mahali pasipopita hewa.

Tatu, tumia mkono na sarafu. Pitisha kiganja ukutani kuanzia chini kwenda juu. Penye baridi kuliko pengine, panapobonyea, au penye unga mweupe wa chumvi pana maji. Gonga lipu kwa sarafu. Ikitoa sauti ya mtungi mtupu, imeachana na tofali.

Nne, chomeka ncha ya kisu kwenye fremu za milango kwa chini na kwenye mbao za kenchi unazoweza kuzifikia. Mbao nzima hukataa, iliyooza hukubali. Angalia pia vijia vya mchwa, maana mchwa hupenda mbao zenye unyevu.

Tano, bandika nailoni ukutani au sakafuni, ukizibe kingo zote kwa gundi, uiache kwa siku nzima. Jasho likiwa upande wa ndani, maji yanatoka ukutani au ardhini. Likiwa upande wa juu, ni hewa ya chumba inayokosa pa kutokea, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Sita, kama una mita ya maji, funga koki zote usiku, andika namba zinazosomeka, na asubuhi kabla mtu hajatawadha usome tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja baada ya mita. Kumbuka uniti moja ni lita 1,000. Mtume wetu (s.a.w) alitawadha kwa kiasi cha mudi moja, ambayo haifiki hata lita moja. Vipi sisi tuache lita mia zipotee chini ya sakafu?

Doa linasema limetoka wapi

Ukishaliona doa, usikimbilie rangi. Lisome kwanza. Doa la juu ukutani au kwenye dari, lenye rangi ya chai na linaloongezeka kila mvua inaponyesha, linatoka kwenye paa. Hapa pana mtego: maji yakiingia kwenye tundu la msumari huweza kutambaa juu ya mbao na kudondokea mbali. Ingia darini mchana na uzime tochi. Panapoingia mwanga patilie shaka.

Doa linaloanzia sakafuni na kupanda, likiwa na ukingo wa chumvi, ni maji ya ardhini yanayonyonywa na ukuta kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Hutokea pale msingi ulipojengwa bila kutandikwa nailoni nzito kabla ya kuinua ukuta, au pale uwanja unapoelekeza maji nyumbani.

Doa lisilokauka hata Agosti, wakati Bariadi nzima ni vumbi, halihusiani na mvua. Hilo ni la bomba, bafu au choo. Tazama kilicho upande wa pili wa ukuta.

Hapa ndugu zetu huuliza kuhusu tohara. Unyevu wa mvua au wa bomba safi si najisi, na mtu asijitie wasiwasi. Lakini kama maji yanatoka chooni, na harufu au rangi yake imebadilika kwa najisi, basi mahali hapo hapafai kuswalia mpaka pasafishwe, na maji hayo hayafai kutawadhia. Ukiwa na shaka, muulize imamu wa msikiti wako.

Cha kufanya

Anza na chanzo, kisha ndiyo uje kwenye doa. Kaza au badilisha misumari ya bati. Kama paa halikutokeza vya kutosha nje ya ukuta, weka mfereji wa bati na uyaongoze maji kwenye pipa au mbali na msingi. Chimba mtaro na uinamishe uwanja utazame nje. Maji ya bafuni yapelekwe kwenye shimo lililo mbali na nyumba na mbali na kisima. Ukuta wa tofali za udongo ulioliwa chini ujengewe mawe, ambayo Simiyu inayo mengi. Kuufunika tu kwa saruji hufungia unyevu ndani na kuharakisha kuoza.

Kuvu isuguliwe kwa maji na sabuni, pua na mdomo vikiwa vimefungwa kitambaa, madirisha yakiwa wazi na watoto wakiwa nje. Usichanganye dawa ya klorini na dawa nyingine ya kusafishia, kwani huweza kutoa hewa ya sumu. Magunia yawekwe juu ya chaga, yaachane na ukuta.

Mambo mawili hayangoji kesho. Ukuta unaopiga shoti ukiugusa: usiuguse tena, zima swichi kuu na uite fundi umeme. Ukuta ulioliwa chini na kuanza kuinama, au wenye ufa mpya unaopitisha kidole: hamisha watoto leo hii, wasilale kando yake hata usiku mmoja wa mvua.

Kwa wenye nyumba za kupangisha

Mwisho tuwaase wenye nyumba. Kumekuwa na tabia ya kupaka rangi juu ya ukuta uliooza wiki moja kabla mpangaji hajahamia. Mpangaji analipa kodi ya miezi sita, na mvua ya kwanza doa linarudi, yeye na watoto wake wakiwa ndani. Tofauti ya jambo hili na yule aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya rundo ni ipi? Rekebisha, na kama huna uwezo kwa sasa, mwonyeshe mpangaji kasoro ilipo kabla hajatoa pesa yake.

Na wewe mpangaji, ukienda kutazama nyumba, usiridhike na macho. Omba ruhusa, vuta pazia, fungua kabati, ingiza mkono.

Allah (s.w) ametaja katika Surat An-Nahl kuwa nyumba zetu amezifanya mahali pa utulivu. Utulivu huo tuulinde. Wabillahi tawfiiq.