Nanyuki: Mlima Ndio Unaouza Viwanja

Kila aliyelala Nanyuki anajua kwamba alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, Mlima Kenya huonekana wazi tangu misituni hadi vilele vya Batian na Nelion, na kwamba jua likishapanda aghalabu mlima umekwisha kujifunika. Lakini katika miaka hii ya karibuni mandhari hayo ya saa chache kwa siku yamekuwa bidhaa, tena bidhaa ambayo dalali huitaja kabla ya maji, kabla ya njia, na kabla ya hati. Mnunuzi wake si mkulima wala mfugaji. Ni mtu wa Nairobi, ama mgeni wa ng'ambo, ambaye kazi yake yote imo katika kompyuta, na ambaye ameazimia kuishi mahali anapoweza kuendesha baiskeli msituni Jumamosi na kulala katika hema mlimani usiku wake, bila ya kungoja likizo ya mwaka.

Mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,950 juu ya bahari, karibu kilomita 200 kutoka Nairobi, na mstari wa ikweta wapita hapo hapo. Watu kuvutwa na mlima huu si jambo la jana: kilele cha Batian, chenye mita 5,199, kilifikiwa mara ya kwanza na wapanda mlima kutoka Ulaya mwaka 1899, hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1949, na mwaka 1943, katikati ya vita, mateka watatu wa Kiitaliano walitoroka kambi yao hapo Nanyuki kwa ajili ya kuupanda tu, wawili wao wakafika kilele cha Lenana, kisha wote wakarudi wakajisalimisha. Hawa walikwenda wakarejea. Uhamiaji wa leo ni mambo mengine, na umepata nguvu tangu mwaka 2020, pale ambapo gonjwa la korona liliwafunza waajiri kwamba karani anaweza kufanya kazi mbali na ofisi, na pale ambapo, mwisho wa mwaka huo huo, gari la moshi la abiria lilirejeshwa katika reli iliyokuwa imelala kwa miaka mingi.

Ofisa mmoja wa serikali, ambaye hakutaka jina lake litajwe, alinionyesha hesabu anayoitumia kila anapoulizwa habari ya jambo hili: katika sensa ya mwaka 2009 kaunti ya Laikipia ilikuwa na watu 399,227, na katika ile ya 2019 watu 518,560, yaani ongezeko linalokaribia asilimia 30 kwa miaka kumi. Kwa maoni yake hiyo ni dalili dhahiri kwamba watu wanaufuata mlima na hewa yake, na kwamba wenyeji wote watafaidika. Tarakimu ni sahihi. Tafsiri yake ndiyo yenye shaka. Kwanza, nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 23 hivi katika muda huo huo, kwa hiyo kinachobaki kuelezwa si kikubwa kama kinavyodhaniwa. Pili, kaunti si Nanyuki peke yake; Nyahururu nayo imo, na Rumuruti, na ranchi kubwa, na vijiji vya wafugaji ambako watoto huzaliwa bila ya dalali kuwa na habari nao. Tatu, sensa hizo zote mbili zilitangulia gonjwa, basi haziwezi kuwa shahidi wa waliohama baada yake. Nilipomweleza hayo alikubali kwamba hana hesabu nyingine, kisha akairudia ile ile.

Malalamiko niliyoyasikiliza kwa muda mrefu zaidi ni ya mfanyabiashara mmoja aliyeanza ujana wake kwa kubeba mizigo ya wageni mlimani, akawa kiongozi wa njia, na sasa ana duka dogo la kukodisha mahema, mifuko ya kulalia, makoti ya baridi na viatu. Yeye hana sensa, ana daftari. Anasema kwamba mtalii wa zamani, hata awe bahili namna gani, humkodi kiongozi, mpishi na wapagazi, hukaa mlimani siku nne au tano, chakula chake hununuliwa sokoni, kisha hulipa akaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Mhamiaji, kinyume chake, huja na hema lake na viatu vyake; mara ya kwanza hupanda na kiongozi, akaijua njia ya Sirimon ama ya Naro Moru, na mara ya pili huwapandisha rafiki zake mwenyewe, wakiwa wamelala nyumbani kwake badala ya kulala katika nyumba ya wageni mjini. Kiingilio cha hifadhi hulipwa, ndiyo, lakini fedha hizo huenda serikalini, wala hazipiti dukani kwake.

Na huyo huyo asiyekodi chochote, anaendelea kusema, ndiye aliyepandisha kodi ya nyumba, akisaidiwa na askari wa kigeni waliotangulia kupanga hapo, mpaka vijana wake wapagazi wamesogea mbali na mji, na alfajiri ya safari sehemu ya ujira wao huishia kwa mwenye bodaboda. Mwenye fremu ya duka naye amemwongezea kodi, akimwambia kwamba mji umekua. Lililomchoma zaidi ni kwamba katika mikutano ambayo maendeleo ya utalii hujadiliwa, waalikwa huwa ni wenye hoteli, wenye ranchi na wauza viwanja, ilhali waliobeba mizigo mgongoni hadi Lenana, mita 4,985, hawaulizwi neno. Aliyasema hayo bila ya kupaza sauti, huku akikunja mfuko wa kulalia mmoja baada ya mwingine.

Yawezekana mzee huyu anaelemea upande wake, kwani mafundi seremala, walinzi, watengeneza baiskeli na wauza mboga wamepata wateja ambao hawakuwapo, na si wahamiaji wote walio wachoyo wa kukodi watu. Lakini maneno yake yana jambo ambalo hesabu ya ofisa haina: yanaifuata shilingi tangu inapotoka mfukoni mpaka inapotua. Nami, kwa niliyoyaona, nakubaliana naye kwamba mlima ndio unaovuta fedha, na ardhi ndiyo inayozipokea.

Katika ardhi ndiko kwenye mambo. Shamba lililokuwa la eka nyingi hukatwa vipande vya futi 50 kwa 100, na kila kipande huuzwa kwa jina la thumuni ya eka; nayo thumuni ya kweli ni futi za mraba 5,445, ilhali 50 mara 100 ni 5,000 tu, kwa hiyo mnunuzi amepungukiwa na futi za mraba 445 kabla hata njia haijapimwa. Juu ya bei hulipwa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, ambao matangazo ya viwanja hayautaji. Ikiwa ardhi ingali ya kilimo, sheria ya mwaka 1967 huyabatilisha mapatano yasiyopata idhini ya bodi ya ardhi, na asiye raia, kwa katiba ya 2010, hawezi kupata zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Haya yote yameandikwa, lakini nimeambiwa na zaidi ya dalali mmoja kwamba wateja wengi huuliza kwanza kama intaneti ina kasi na kama kilele chaonekana kutoka barazani.

Maji huulizwa mwisho, nayo ndiyo yangestahili kuulizwa mwanzo. Nanyuki imo katika upande mkavu wa mlima. Mito yake, Likii na Burguret na Nanyuki wenyewe, huuendea mto Ewaso Ng'iro, na humo njiani hunywesha mashamba ya maua na mboga, na mji, kabla ya kuwafikia wafugaji wa chini, ambao katika miaka ya ukame huukuta mto ni mchanga mtupu. Kiangazi kinachompendeza mpanda mlima, Januari na Februari, ndicho hicho kinachokausha bomba, na hapo lori la maji huwa bidhaa ya pili baada ya mandhari. Kila paa jipya ni mnywaji mpya. Sikupata afisi iliyoweza kuniambia viwanja vilivyokwisha kuidhinishwa vitahitaji maji kiasi gani vikijengwa vyote.

Kuhusu siku za mbele, wauzaji wote hutabiri heri, na utabiri wa muuzaji hupimwa kwa mizani yake. Huenda waajiri wakawaita watu wao maofisini, na nyumba zikabaki na walinzi peke yao. Huenda pia wahamiaji wakaongezeka, wakaota mizizi, na biashara ya mlima ikapata wateja wa mwaka mzima badala ya wa misimu miwili. Barafu ya kileleni, ambayo imepungua sana tangu mwisho wa karne ya 19, haitarudi kwa matakwa ya mtu, na njia zilizotegemea barafu hiyo tayari haziaminiki.

Basi msomaji aliyekwisha kuweka akiba kwa ajili ya kiwanja Nanyuki namwomba apange nyumba kwanza, akae mwaka mzima, aone bomba lake likitoa nini mwezi wa Februari na njia yake ikoje mwezi wa Aprili, kisha aende masjala ya ardhi akaikague hati kwa macho yake. Na siku atakapopanda Lenana, hata akiwa anaijua njia, amchukue kiongozi na mpagazi wa hapo hapo mjini, awalipe ujira wao kamili.