Jinsi Ukoo wa Mlowezi wa Kale Unavyofuatiliwa

Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulitoka Afrika ya Kusini ukaja kukaa katika uwanda wa Uasin Gishu. Makaburu wengi walikuwa na desturi ya kuandika majina ya wazee wao ndani ya Biblia ya nyumbani. Mtu anayeyafuata majina kama hayo hata mwanzo wake mara nyingi hufika Rasi ya Tumaini Jema, ambako Jan van Riebeeck alishuka pwani tarehe 6 Aprili, 1652, kuanzisha kituo cha Kompani ya Kiholanzi ya Mashariki ya Hindi.

Yafaa kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Mchunguzi haanzi na mlowezi wa kwanza. Huanza na mtu anayemjua, kisha hurudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Kwanza hutafuta hati ya kifo, kwa sababu katika Afrika ya Kusini hati hiyo hutaja wazazi wa marehemu, mume au mke wake, na watoto wake. Halafu hutazama vitabu vya kanisa vya ubatizo na ndoa, ambavyo katika mji wa Cape Town vilianza kuandikwa mwaka 1665. Mwisho husoma wasia na kumbukumbu za Kompani.

Majina nayo humwongoza. Waholanzi walikuwa na mila ya kuwapa watoto majina ya babu na bibi zao, kama yafanyavyo makabila kadha ya Kenya. Kwa hiyo jina la mjukuu huweza kuonyesha njia ya kumfikia bibi.

Mfano mzuri ni ukoo wa Pieter van Meerhof, tabibu aliyezaliwa Denmark, ambaye aliitumikia Kompani katika Rasi. Mwaka 1664 alimwoa Krotoa, binti wa Wakhoikhoi. Krotoa alikuwa amechukuliwa nyumbani kwa van Riebeeck angali mtoto, akajifunza Kiholanzi, hata akawa mkalimani kati ya wageni na watu wa kwao. Alikuwa mkalimani katika siku za vita vya 1659 na 1660, wakati pande zote mbili zilipomhitaji na zote mbili zilipomshuku. Waholanzi walimwita Eva, na alibatizwa mwezi wa Mei, 1662.

Miaka michache baada ya ndoa, van Meerhof aliuawa huko Madagaska, akiwa katika safari ya Kompani ya kutafuta watumwa. Mjane wake alishikwa na ulevi, akanyang'anywa watoto, akahamishwa katika Kisiwa cha Robben. Alifariki tarehe 29 Julai, 1674. Waandishi wa ngome walimsema kwa maneno makali katika kitabu chao cha kila siku. Hata hivyo alizikwa kwa heshima ya Kikristo.

Mwaka 1677 watoto wake wawili, Pieternella na Salomon, walipelekwa kisiwa cha Mauritius. Huko Pieternella aliolewa na Mholanzi, Daniel Zaaijman, na mmoja wa binti zao akapewa jina la Eva. Mwaka 1709 jamaa hiyo ilirudi katika Rasi, na watoto wakaoa na kuolewa katika jamaa za walowezi. Basi anayefuata jina la van Meerhof peke yake hupotea njia, kwa kuwa ukoo huu ulipita kwa binti. Mwenye kuwafuata wanawake ndiye anayefika kwa Krotoa.

Jambo hili halikuwa mchezo. Sheria ya mwaka 1949 ilikataza ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine katika Afrika ya Kusini, na sheria ya mwaka 1950 iliamuru kila mtu aandikwe kwa rangi yake. Mahali pa kukaa, shule ya watoto na haki ya kupiga kura, yote yalitegemea neno moja katika daftari. Jamaa nyingi ziliona heri bibi wa namna hiyo asitajwe. Lakini vitabu vya kanisa vilikuwapo, na nasaba za jamaa za kale za Rasi, zilizokusanywa na C. C. de Villiers, zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa mwaka 1893 na 1894. Mwaka 1971 J. A. Heese alitoa hesabu yake, kwamba katika asili ya Makaburu sehemu kama 7 kwa 100 haikutoka Ulaya. Wachunguzi wa nasaba wamewataja Paul Kruger na Jan Smuts kuwa miongoni mwa wazao wa Krotoa. Sheria ile ya ndoa ilifutwa mwaka 1985, na ile ya daftari mwaka 1991.

Msomaji anayetaka kuandika ukoo wake mwenyewe naye afanye vivyo hivyo. Aanze na watu walio hai, aandike jina, mahali na mwaka, na asiishie kwa baba na babu. Awaulize bibi zake walizaliwa na nani, na mama zao walitoka wapi. Maana watu hao ndio ambao daftari huwasahau upesi.