Sehemu za Bawaba

Fundi wa Kitendaguro, Bukoba, anayetengeneza bawaba nyumbani kwake huhitaji majina matatu, ilhali miongozo iliyofasiriwa aghalabu humpa mawili: "bamba" na "pini". Yeye hupasha moto ukanda wa feleji hata uwe mwekundu, akaukunja ncha kwa nyundo kuzunguka msumari mnene. Kisha huukata mapengo kwa msumeno wa chuma, mabamba mawili yapate kuingiana. Mviringo huo ndio uliokosa jina, tena katika Buhaya iliyoyeyusha chuma takriban miaka 2,000 iliyopita! Kuuita "bomba" kwapotosha: mwanafunzi atatafuta bomba alichomelee, ilhali mviringo na bamba ni kipande kimoja. Twapendekeza "kikunjo". Pini na ibaki pini. Hupita ndani ya vikunjo bila kubana.