Prazo: Mabwana wa Kireno Waliogeuka Machifu

Mtahiniwa, usichanganye prazo na shamba la mlowezi wa Kenya. Prazo ilikuwa ardhi ya mfalme wa Ureno katika bonde la Zambezi, Msumbiji. Kuanzia karne ya 17 walowezi walikodishiwa ardhi hiyo, hasa karibu na Sena na Tete.

Masharti:
(i) Ilikodishwa kwa vizazi vitatu, kisha irudi kwa mfalme.
(ii) Mara nyingi ilirithiwa na binti, naye alitakiwa kuolewa na Mreno.

Matokeo:
(i) Wareno walikuwa wachache, na malaria iliwapunguza zaidi. Koo zao zikaoana na Waafrika na Wagoa.
(ii) Wenye prazo walitoza kodi kama machifu, wakilindwa na achikunda, yaani askari watumwa.
(iii) Serikali ilishindwa kuwadhibiti. Ukoo wa da Cruz wa Massangano, wenye damu ya Asia na Afrika, ukiongozwa na Bonga, ulishinda majeshi ya Ureno kati ya 1867 na 1869. Massangano ilianguka mwaka 1888.

Zingatia: ukiulizwa kwa nini Ureno ilikuwa dhaifu Zambezi, usitaje idadi ndogo ya Wareno tu. Eleza kwamba waliopewa ardhi kwa jina la mfalme waligeuka watawala wasiomtii.