Wufa Imeandikwa Wati 10,000? Geuza Usome Nyuma Kwanza

Kila ploti iko na msee wa wufa. Unamjua. Jumamosi asubuhi watu wakifua, yeye ashafungua dirisha na vikombe zako zinatetemeka kwa kabati. Lakini kuna aina ingine ya msee wa sauti, wa kimya kimya. Huyo ako kejani, ameketi kwa kitanda, amerudisha ngoma moja mara ya tatu juu kuna gita fulani huko nyuma hajaielewa vizuri. Hawa ndio wanakula raha yenyewe, na mambo mengi wanayofanya hayagharimu hata soo.

Tuanze na uongo. Ukienda Luthuli Avenue kutafuta wufa, utapata katoni imeandikwa wati 10,000 PMPO kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. PMPO haina kipimo rasmi. Kila mtengenezaji anajipigia hesabu vile anataka. Msee mjanja hugeuza mashine na kusoma ile stika ndogo ya nyuma. Kama imeandikwa inakula wati 60 za stima, haiwezi kukupigia wati elfu kumi za muziki. Hizo zingine zingetoka wapi? Namba ya kuuliza ni RMS, na hata hiyo isikupe presha: ukiongeza nguvu mara mbili, unapata desibeli 3 pekee. Ndio skio liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara 10. Kwa hivyo mtu akitoa wufa ya 50 anunue ya 100, amelipia kamtofauti kadogo sana.

Doo ikishindwa, tumia kona. Keja nyingi ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu hivi. Sasa wimbi la besi ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba. Halitoshei. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake. Mahali pengine yanajumlika hadi kifua kinatetemeka, mahali pengine yanauana kabisa. Shida ni kwamba unaweza kuwa umeketi pale yanapouana. Unadhani wufa ni dhaifu, unaongeza, na jirani wa upande ule mwingine ndiye anapokea besi yote. Vita nyingi za ploti zimeanza hivyo, na mwenye kelele hata hasikii vizuri.

Dawa yake inachekesha, kwa hivyo funga mlango. Chukua wufa uiweke pale unakaaga, hata kama ni juu ya kitanda. Weka ngoma yenye besi inatembea. Halafu piga magoti na utambae polepole kando ya ukuta, kichwa kikiwa chini. Kuna mahali besi itakuwa uji, kuna mahali itapotea, na kuna mahali utasikia kila noti imesimama peke yake. Hapo ndipo wufa inafaa kukaa. Ukiihamisha na kurudi kitandani, utapunguza sauti mwenyewe. Kipande cha godoro kuukuu chini yake kitasaidia mtetemo usishuke kwa sakafu hadi kwa watu wa chini, ingawa ile inapita hewani haitasimama. Na kumbuka kwa kanuni za kelele za 2009, ambazo ni za NEMA, usiku unaanza saa mbili jioni. Si saa sita vile wasee husema wakibishana na keateka.

Spika ndogo nazo zitoe juu ya kabati. Zilete usawa wa masikio, zikutazame, na umbali kati yao ukaribiane na umbali wa kutoka kwao hadi kwako. Mwimbaji atasimama katikati, mahali hakuna spika. Mara ya kwanza hiyo kitu ikikutokea utaangalia nyuma ya TV. Usijali kama keja imejaa nguo, neti na pazia nzito, hiyo ni bahati. Unakumbuka siku ya kuhamia vile nyumba tupu inarudisha sauti? Vitu laini ndivyo vinameza hiyo mwangwi.

Raha inakuwa tamu zaidi mabeshte wakikuja. Kila mtu huwa na ngoma yake ya kupima mashine, na huwezi mwambia abadilishe. Wa benga wanataka kusikia kama magita mawili yanaachana au yamekuwa kelele moja. Wa Sauti Sol wanatenganisha sauti za kuimba moja moja. Mzee wa ploti akiingia ataomba "Sina Makosa" ya Les Wanyika, na sitabishana naye, juu besi na gita la ridhimu kwa hiyo ngoma zinaanika mashine mbaya haraka sana. Kama simu inakubali waya, tumia waya. Bluetooth hubana muziki ndio ipite, na ngoma uliyodaunilodi kwa mtandao usiojulikana ilikuwa imebanwa tayari.

Halafu kuna wale wameingia kwa santuri, na hao ni watu wa kuombewa. Ile sahani ndogo ya inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, haibebi dakika nyingi kila upande. Ndio maana ngoma nyingi za zamani za benga na rumba zilikatwa katikati: Part 1 huku, Part 2 kule. Gita linaanza tu kupanda, sindano imefika mwisho. Lazima mtu ainuke aigeuze, na kwa hizo sekunde chache hakuna mwenye hushika simu.

Ukitaka kuanza, Kenyatta Market bado santuri zinauzwa, pale pale karibu na nyama choma. Nenda mchana. Toa sahani kwa kava, ilaze kidogo kwa mwanga wa jua uangalie. Mikwaruzo myembamba italia kama kaanga za mafuta, hiyo utazoea. Ile yenye kucha yako inashika, rudisha.