Jibu na Jina la Mjibu

Kutathmini jibu la mtu mwingine hudhaniwa kuwa kazi ya akili peke yake, ilhali kati ya jibu na alama inayotolewa huingia mambo mengi yasiyohusiana na swali lenyewe: jina la aliyejibu, shule anayotoka, mwandiko wake, ubora wa jibu lililosomwa kabla ya lake, na zaidi ya yote, rai aliyokuwa nayo msahihishaji kabla hajaanza kusoma. Mvuto huo ndio unaoitwa hapa upendeleo binafsi, na jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba si lazima utokane na nia mbaya. Rushwa na kujuana ni maovu yanayofahamika na yana sheria zake. Upendeleo unaozungumziwa hapa humpata hata mtu mwadilifu, ambaye yuko tayari kuapa, tena kwa dhati, kwamba ametenda haki.

Ushahidi wa jambo hili una zaidi ya miaka 100. Mwaka 1912 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa kunakili karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza na kuzipeleka katika shule nyingi za sekondari, ili walimu wa somo hilo wazisahihishe kwa alama 100 kama walivyozoea. Karatasi moja, yenye maneno yale yale, ilipewa alama 64 na mwalimu mmoja na alama 98 na mwingine, huku nyingine zikitawanyika katikati. Waliosikia habari hizo walisema kwamba insha ni suala la ladha na kwamba hesabu zisingeleta tofauti kubwa hivyo. Basi mwaka uliofuata watafiti hao walirudia jaribio kwa karatasi ya jometri, na safari hii alama zilianzia 28 na kupita 90. Baadhi ya walimu waliangalia jibu la mwisho tu, wengine waliipa thamani njia iliyofuatwa, na wengine walipunguza alama kwa sababu ya uchafu wa kazi, kila mmoja akiwa na kipimo chake ambacho hakukitangaza kwa mtu yeyote.

Mwaka 1920 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza chanzo kimoja cha hali hiyo. Aligundua kwamba maofisa wa jeshi walipotakiwa kuwapima watu wao kwa sifa mbalimbali, kama vile umbo, akili, uongozi na tabia, kila sifa kwa upande wake, alama za sifa hizo zilifuatana mno kuliko inavyowezekana katika maisha halisi, kwa maana aliyevutia kwa jambo moja alionekana bora katika yote. Msahihishaji naye huwa vivyo hivyo: mwandiko nadhifu humfanya auone hata ukweli uliopungua kuwa umekamilika, na kosa la tahajia katika mstari wa kwanza humfanya atafute makosa mengine hadi mwisho wa ukurasa. Wahenga walisema kwamba ukipenda, chongo huita kengeza, lakini utafiti huu unaonyesha kwamba hata kupenda hakuhitajiki, kwani yatosha kuvutiwa kidogo.

Chanzo kingine kina nguvu zaidi, nacho ni kukubaliana. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper, waliokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, waliwapa wanafunzi 48 tafiti mbili za kubuni kuhusu adhabu ya kifo, moja ikidai kwamba adhabu hiyo hupunguza mauaji na nyingine ikidai kinyume chake. Nusu ya wanafunzi waliiunga mkono adhabu hiyo na nusu waliipinga. Kila upande uliuona utafiti uliokubaliana nao kuwa umefanywa kwa makini, ukauona ule mwingine kuwa na kasoro za kitaalamu, na baada ya kusoma hoja za pande zote mbili, wanafunzi walisema kuwa misimamo yao imekuwa mikali zaidi. Jibu linalompendeza mtu hukaguliwa kwa jicho la mwenyeji, na lisilompendeza kwa jicho la askari wa forodha.

Mtu anaweza kufikiri kwamba elimu ya juu ni kinga. Mwaka 1982 Douglas Peters na Stephen Ceci walichapisha matokeo ya jaribio linaloivunja dhana hiyo. Walichukua makala 12 za saikolojia, zilizoandikwa na wataalamu wa vyuo vyenye hadhi, wakabadilisha majina ya waandishi na kuweka taasisi za kubuni zisizojulikana, kisha wakazituma upya katika majarida yale yale yaliyokuwa yamezichapisha miaka michache tu kabla. Makala tatu zilitambuliwa. Kati ya tisa zilizobaki, nane zilikataliwa, mara nyingi kwa sababu ya kile wahakiki walichokiita udhaifu mkubwa wa mbinu za utafiti. Wahakiki hawakusema kwamba wanawadharau waandishi wasiojulikana, na huenda hawakuwa wakiwadharau kwa kujua. Waliona udhaifu, wakauandikia sababu, na sababu hizo ziliwaridhisha wao wenyewe. Hapo ndipo ilipo hatari, maana upendeleo hujitokeza katika sura ya hoja.

Kwa hiyo, kumsihi msahihishaji awe mwadilifu hakutoshi. Lord na Lepper, pamoja na Elizabeth Preston, walilipima jambo hilo mwaka 1984: watu walioambiwa wapime ushahidi kwa haki na bila kuegemea upande waliendelea kuegemea, lakini walioambiwa wajiulize, katika kila hatua, kama wangeusifu au kuulaumu utafiti huo huo iwapo ungeleta matokeo ya kinyume, walipunguza upendeleo kwa kiasi kikubwa.

Njia nyingine ni kumficha mjibu. Katika mitihani ya taifa ya Tanzania mtahiniwa huandika namba yake ya mtihani badala ya jina, na utaratibu huo ni wa kuenziwa, ijapokuwa pazia hilo lina tundu: namba hutanguliwa na namba ya kituo, na herufi ya mwanzo hutofautisha mwanafunzi wa shule na mtahiniwa wa kujitegemea. Msahihishaji anayeamini kwamba watahiniwa wa kujitegemea ni dhaifu anaweza kuipeleka imani hiyo kwenye karatasi kabla ya kusoma sentensi moja. Mwongozo wa usahihishaji, unaotaja mapema kila hoja na alama yake, hupunguza nafasi ya imani hiyo, na kumpa kila msahihishaji swali moja tu huzuia jibu zuri la swali la kwanza lisilibebe jibu baya la swali la tano.

Mwalimu wa darasani ndiye aliye na kazi ngumu kuliko wote, kwa kuwa anaijua miandiko ya wanafunzi wake, anawajua wazazi wao, na anakumbuka nani alimsumbua wiki iliyopita, huku alama zake zikiweza kuamua nani anaitwa mwerevu na nani anakatishwa tamaa. Hata hivyo anaweza kusahihisha swali la kwanza la darasa zima kabla ya kugusa la pili, akakunja kurasa zenye majina, akachanganya upya mpangilio wa karatasi kwa kila swali, na akabadilishana rundo na mwalimu wa mkondo mwingine, hatua ambazo hazihitaji fedha wala kibali cha mtu yeyote.