Hewa Ipandayo Tropiki, Ishukayo Nchani

Samadi iliyorundikana katika zizi la ng'ombe pale Issuna, mkoani Singida, hutoa gesi iitwayo naitrasi oksaidi. Gesi hiyo hudumu zaidi ya miaka 100. Hewa ya tropiki huipandisha polepole, ikapita kimo cha ndege za abiria na kusambaa kuelekea ncha za dunia. Huko, majira ya baridi, hewa hushuka.

Hushuka kwa kasi gani? Kuipima moja kwa moja ni kazi ngumu, maana mwendo wenyewe ni wa milimita chache kwa sekunde, huku upepo ukivuma pembeni kwa makumi ya mita. Kwa hiyo wanasayansi hufuata gesi nyingine, monoksidi ya kaboni. Hiyo ni nyingi juu kabisa, ambako jua huvunjavunja kaboni dayoksaidi. Gizani hudumu muda mrefu, na tabaka lake huonekana likiteremka wiki hadi wiki. Setilaiti ya Aura, iliyorushwa 2004, imelifuatilia. Vilevile mitambo iliyoko Kiruna, Sweden.

Hesabu ya kupata kasi ya hewa kutokana na mteremko huo ni rahisi, pengine rahisi kupita kiasi. Utafiti wa 2018 ulionyesha kuwa kuchanganyika kwa hewa na mabadiliko ya kikemia huweza kulisogeza tabaka hilo pia, na kasi inayopatikana ikapotoka vibaya.

Upande wa tropiki, ambako hewa hupanda, nako huchunguzwa: Nairobi, tangu miaka ya 1990, maputo hurushwa kupima ozoni hadi kilomita 30 hivi. Ozoni ikipungua juu ya tropiki, mara nyingi ni dalili kwamba hewa imepanda kwa kasi zaidi.